Citation: Jeti ya Bawa Lililonyooka

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Leo naomba tuitazame ndege moja tu, Cessna Citation, iliyoruka kwa mara ya kwanza Septemba 15, 1969, huko Wichita, Marekani.

Mji huohuo ulikuwa umeshazaa jeti nyingine ndogo, Learjet, mwaka 1963. Hiyo ilikuwa na mbio hasa, na injini zake zilitokana na za kijeshi. Rubani aliyezoea ndege za pangaboi alikuwa na kazi kubwa ya kuimudu. Kampuni ya Cessna, waundaji wa Citation, wao walimlenga rubani huyohuyo.

Siri iko kwenye bawa. Jeti nyingi mabawa yake yamelala nyuma ili zikimbie. La Citation limenyooka. Bawa la namna hii huendelea kuibeba ndege hata mwendo ukipungua, kwa hiyo inatua taratibu na kusimama mapema. Mbio zake ni kama kilomita 650 kwa saa, na wapo walioicheka kwa hilo. Mimi nasema walikosea. Kwa safari ya saa moja unachelewa dakika chache tu, lakini uwanja ukiwa mfupi, jeti yenye mbio haitui kabisa.

Sasa tazameni injini zake mbili zilipofungwa: ubavuni, karibu na mkia, juu ya usawa wa bawa. Kokoto zinazorushwa na magurudumu hukingwa na bawa. Injini moja ikizimika, iliyobaki iko karibu na kiwiliwili, hivyo ndege haivutwi sana upande mmoja. Ndani ya kila injini, sehemu kubwa ya hewa inayovutwa na feni haipiti kwenye moto, hupita pembeni. Ndiyo maana kelele na ulaji wa mafuta vimepungua.

Wakurugenzi wanaipenda, sawa. Mimi navutiwa zaidi na machela. Pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, madaktari wa Amref Flying Doctors wamesafirisha wagonjwa kwa ndege za ukoo huu. Viti vinaondolewa, machela inafungwa, mitungi ya oksijeni inawekwa karibu. Mgonjwa akiwa na hewa iliyovuja kifuani, hewa hiyo hutanuka kadiri ndege inavyopanda na kabini kupungukiwa mgandamizo wa hewa. Hapo rubani huruka chini kuliko kawaida, mafuta yakaliwa zaidi, ili kabini ibaki na mgandamizo wa karibu na ule wa ardhini.