Laisini ya kuku haimfai ng'ombe

Ndugu wafugaji wa Tabora, tuanze na ile laisini au methionini ya unga (asidi amino, yaani vijenzi vya protini) anayochanganyiwa kuku. Kwa kuku inafyonzwa utumboni. Kwa ng'ombe inatua kwanza kwenye rumeni, lile tumbo kubwa, na vijidudu vya humo huivunja sehemu kubwa ikawa amonia. Pesa yako inatoka na mkojo.

Ila vijidudu hivyohivyo ndiyo nyama anayokula ng'ombe, tuseme hivyo. Vikisukumwa mbele na chakula humeng'enywa, na protini yake ina laisini na methionini za kutosha kwa ng'ombe wa lita 8 au 10 za maziwa kwa siku. Kwa hiyo lisha vijidudu. Kuanzia Julai nyasi zetu hukauka na protini yake hushuka chini ya asilimia 7. Vijidudu hupungua, nyasi hukaa tumboni bila kuvunjwa, ng'ombe anashindwa kula. Hata mwenye ngitili nzuri, yaani malisho yaliyotengwa kwa kiangazi, anahitaji kuongezea.

Kwa kilo 100 za chakula changanya pumba za mahindi 64, mashudu ya alizeti 20, mashudu ya pamba 8, soya iliyokaangwa 5, madini 2 na chumvi 1. Unapata protini kama asilimia 16. Mpe kilo 1 kwa kila lita 2 za maziwa zinazozidi zile 5 anazotoa kwa majani mazuri peke yake.

Kwa nini soya? Mahindi na alizeti ni maskini wa laisini, ingawa alizeti ina methionini nzuri. Soya inaziba pengo hilo. Kuikaanga kunaipunguzia kasi ya kuvunjwa kwenye rumeni, lakini ishia kwenye rangi ya kahawia. Ikiungua, laisini hushikana na sukari na ng'ombe hawezi kuimeng'enya. Mashudu ya pamba nayo yakipata moto mkali wakati wa kukamua mafuta hupoteza laisini vivyo hivyo, na yana sumu iitwayo gosipoli, kwa hiyo ndama asiyeanza kucheua asiyaguse.

Mwenye lukina uani, ule mti wa malisho, akate kilo 5 za majani mabichi kwa siku. Isizidi theluthi ya chakula chote, maana sumu yake, mimosini, hudhuru.

Urea si asidi amino, ni naitrojeni ya vijidudu tu, na bila pumba au molasi ya kuvipa nguvu ni hasara. Isizidi kilo 1 kwenye kilo 100, usiiweke kwenye maji ya kunywa, na usiichanganye na soya mbichi: kimeng'enya cha soya huigeuza amonia haraka, ng'ombe akatetemeka, akajaa gesi, akafa.

Laisini na methionini zilizofunikwa utando zinapita rumeni salama, mradi usizisage. Mnunulie ng'ombe wa lita 25 aliyezaa karibuni, kwa uwiano wa laisini 3 kwa methionini 1 katika protini inayofika utumboni. Wa lita 8 mkatie lukina.