Picha ya Juma ni ya nani?

Haya jamani karibuni, sogeeni na huku mbele. Nikikwambia "picha ya Juma" umeelewa nini? Labda Juma ndo mwenye picha, labda ndo aliyeipiga, labda ndo yuko humo ndani ya picha, na sisi tunapita tu wala hatuulizi, hako ka "ya" kanabeba yote.

Sasa anayekaa chini atunge lugha mwenyewe inabidi aamue. Padri Schleyer wa Ujerumani aliita lugha yake Volapük, vol ni dunia, pük ni lugha, na hiyo a ya katikati ndo "ya", yaani jina lenyewe lina umiliki ndani. Zamenhof na Kiesperanto chake cha 1887 akambandika mtendwa n, muso ni panya, muson ni panya aliyetendwa, so hata ukisema "la muson manĝas la kato" bado paka ndo kala panya. Ila kwenye kumiliki kaweka neno moja tu, de, na Juma wetu anabaki palepale.

Tolkien, yule mwandishi wa The Lord of the Rings, ndo aliyenifurahisha. Kwenye Kikwenya, lugha aliyoitunga kwa hadithi zake, "róma Oroméva" ni baragumu la Oromë, mmoja wa miungu ya humo, ni mali yake, analo, halafu "róma Oromëo" ni baragumu lililotoka kwake, mfano alimpa mtu zawadi. Mwenye kitu na kitu kilikotoka, kila kimoja na mwisho wake! Mi naona hapo kafikiri sana.

Halafu Kiklingoni cha Marc Okrand, lugha ya wale viumbe wa sayari nyingine kwenye filamu za Star Trek, kamusi yake ya 1985, puqwI' mtoto wangu, juHwIj nyumba yangu, umeona mwisho umebadilika? Anayeweza kuongea ana "wangu" yake, vingine vyote vina yao, na ukimpa mtu ile ya vitu umemdharau. Kwetu mbwa anapata wangu sawasawa na mtoto, kule hapati, haongei.

Na msidhani sisi hatuna mambo haya, tunayo sana. Tunasema mwanangu, mkewe, nduguye, mamake, mwenye kumiliki anagandana na neno lenyewe kabisa, ila gari langu, kiti changu, hapo tunaacha nafasi. Hebu jaribu kusema "garingu" hapo ulipo uone kama jirani yako hatageuka.