Ndoo Inayopumua: Kufunga Filta ya Kanista Nyumbani

Habari za jioni, ndugu zangu. Waliokaa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Ila waliokaa hapa mbele kabisa nawaonya mapema: mtanilaumu baadaye kwa sababu ya hii ndoo iliyo mezani. Msicheke. Hii ni filta ya kanista ya tangi la samaki, ya zamani, nimeitoa kafara kwa ajili yenu. Nimeizima leo saa kumi na mbili asubuhi, nikafunga koki zake, nikaileta na maji yake ndani. Sasa hivi ni saa kumi jioni. Nitaifungua tukimaliza.

Kwa ambao bado wanatumia sponji ya pampu ya hewa, au ile filta ya kuning'iniza ukingoni mwa kioo: kanista ni ndoo yenye mfuniko wa kubana, inakaa chini ya tangi, kabatini. Maji yanashuka kwa mpira mmoja, yanapita kwenye sponji na vijipete vya seramiki, kisha pampu iliyo kichwani mwa ndoo inayarudisha juu kwa mpira wa pili. Wengi wanadhani pampu ndiyo inayonyonya maji tangini. Siyo. Maji yanashuka yenyewe, kama petroli ikishuka kwenye dumu ukishaifyonza mara moja. Mipira ikishajaa, uzito wa maji yanayoshuka unasawazisha uzito wa yanayopanda, na pampu inabaki kupambana na msuguano tu. Ndiyo maana kanista ya wati 20 inatosha tangi kubwa, na kwa mwezi inakula yuniti 14 na ushei. Na ndiyo maana pia ukiiweka juu ya stuli sambamba na tangi, kwa kuwa kabati huna, inagoma. Lazima iwe chini ya usawa wa maji.

Tangi langu ni sentimita 120 kwa 45 kwa 50. Zidisha, utapata lita 270. Ukitoa mawe na mchanga, na nafasi ya juu isiyojazwa, maji halisi ni kama lita 220. Kwa samaki wa kawaida, maji yote yapite kwenye filta mara 4 au 5 kwa saa. Kwa mbuna wa Ziwa Nyasa, wanaokula na kuchafua kama harusi, mimi nataka mara 8. Lakini jihadharini na ile namba ya kwenye boksi. Imepimwa ndoo ikiwa tupu. Ukishaijaza sponji na vijipete, na wiki tatu za uchafu juu yake, unaweza kupoteza hata nusu. Kwa hiyo boksi likisema lita 1,000 kwa saa, kichwani mwako andika 500 au 600.

Kupanga vitu ndani kuna kanuni moja tu: kigumu kabla ya laini. Maji yakutane kwanza na sponji yenye matundu makubwa, halafu sponji laini, halafu vijipete. Uchafu ukifika kwenye vijipete unaziba vile vitundu vidogo vidogo ambavyo ndivyo ulivyovinunua. Sasa angalieni: filta nyingi maji yanaingia chini na kupanda, kwa hiyo sponji kubwa inakaa trei ya chini kabisa. Zipo za mwelekeo tofauti. Usinakili mpangilio wa jirani, fuata njia ya maji ya ndoo yako. Mkaa wa kuchujia sijauweka miaka mingi. Unafaa ukitaka kuondoa dawa au rangi ya gogo, baada ya hapo unakula nafasi bure.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kanista yenyewe.

Samaki anatoa amonia, nyingi yake kupitia mashavu. Kwenye vijipete wanaishi bakteria. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine linageuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo unaipunguza kwa kubadilisha maji kila wiki. Vitabu vya zamani vitakwambia kundi la pili ni Nitrobacter. Tangu mwaka 1998 watafiti walipochunguza matangi ya maji yasiyo ya chumvi inajulikana kwamba kazi hiyo kwa kawaida inafanywa na Nitrospira. Samaki wako hajali jina. Anajali kwamba bakteria hao wanachukua wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye filta mpya. Ukipata sponji chafu kutoka tangi zima la mwenzako, ikamulie ndani ya kanista yako, muda unapungua sana. Uchafu ule ni mali.

Tulio na samaki wa Kigoma tuna shida ya ziada. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, karibu na 9, na tunajitahidi tangi lifanane na ziwa. Kwenye joto la nyuzi 25 na pH 7, katika kila sehemu 1,000 za amonia ni kama 6 tu zilizo katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 9 ni kama 360. Amonia ni ileile, samaki ni walewale, ila kosa ambalo kwa mfuga guppy, wale samaki wadogo wa kawaida, ni kikohozi, kwako ni msiba.

Na hao bakteria wanapumua. Kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia wanayoichakata inataka gramu 4 na nusu hivi za oksijeni. Hiyo oksijeni inaletwa na maji yanayotembea. Fanyeni hesabu nami: kanista yenye lita 6 za maji ya nyuzi 25, maji yakiwa yameshiba hewa, ina oksijeni isiyofika miligramu 50. Umeme ukikatika, ndicho chakula chote kilichobaki stoo, na stoo imefungwa kwa mfuniko wa kubana. Bakteria wengine, wale wanaokula uchafu kwenye sponji, nao wanagombea hiyohiyo.

Mnajua kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini samaki wanaishi tabaka la juu tu? Ukipita mita 100 kaskazini, au 200 na zaidi kusini, oksijeni imekwisha, na chini kule kuna gesi yenye harufu ya yai bovu. Kanista iliyozimwa kutwa nzima inakuwa kipande cha kilindi kile, umekiweka kabatini.

Mimi nilijifunza vibaya. Nilikuwa na samaki wa Tanganyika, Tropheus duboisi 17, wadogo, bado weusi wenye madoa meupe. Umeme ulikatika asubuhi nikiwa kazini, ukarudi jioni kabla sijafika. Filta ikawaka yenyewe, kwa utiifu kabisa, ikamwaga kilindi chote juu ya samaki. Niliwakuta 11 wamelala ubavu. Kwa hiyo leo swichi yangu ya filta, umeme ukikatika zaidi ya saa mbili, mtu yeyote aliyepo nyumbani anajua kuizima. Dada wa kazi anajua, mwanangu wa darasa la tatu anajua. Kisha ndoo inafunguliwa, maji machafu yanamwagwa, vijipete vinawekwa kwenye beseni la maji ya tangi na kijiwe cha hewa cha pampu ya betri. Kila tangi hapa mjini linahitaji pampu ya betri. Bei yake haifiki hata ya samaki mmoja wa Kigoma.

Kufunga kwenyewe ni nusu saa. Paka oringi ya mfuniko, ule mpira wa duara, grisi ya silikoni. Siyo mafuta ya kujipaka, yale huilegeza baadhi ya mipira na utakuja kudeki sebule usiku. Mpira wa kushushia na wa kupandishia uwe mfupi, usijikunje, usining'inie kama tumbo chini ya ndoo. Kata kidogo kidogo, kwa sababu ukishakata huwezi kurudisha. Mdomo wa kunyonya uweke upande mmoja, wa kurudisha upande wa pili, na bomba lake la matundu liguse uso wa maji mpaka uone maji yanacheza. Hapo ndipo oksijeni inapoingia. Bomba la kurudisha litoboe kitundu kidogo sentimita 2 chini ya usawa wa maji: mpira ukichomoka chini, maji yatashuka mpaka kwenye kitundu, hewa itaingia, mtiririko utakatika. Mdomo wa kunyonya nao usiufikishe mchangani. Mpira wake ukichomoka, tangi linakauka mpaka pale mdomo ulipo.

Waya wa umeme uachie kitanzi kinachoshuka chini ya soketi kabla ya kupanda, tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye ekstensheni. Halafu, na hapa ndipo watu wanaunguza pampu siku ya kwanza, jaza ndoo maji kabla ya kuwasha. Kama ina kitufe cha kusukumia, sukuma mpaka maji yasikike yakishuka. Washa. Ukisikia inakoroma, ni hewa imenasa kwenye kifeni. Iinamishe taratibu huku na huku, mapovu yatatoka, itanyamaza.

Ndiyo, mama pale nyuma? Anauliza aoshe kila baada ya muda gani. Angalia mtiririko, mama, usiangalie kalenda. Ukidhoofika, fungua. Kwangu huwa ni wiki sita hivi. Osha sponji kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, siyo chini ya bomba. Klorini imewekwa huko kuua bakteria, na haitawabagua wa kwako. Vijipete visuuze tu, na usivisafishe siku moja na sponji zote.

Haya. Bwana, tusaidie kufungua lile dirisha. Na wewe kijana, shika ndoo hapo chini, mimi nabonyeza hizi klipu nne. Tayari? Nuseni.