Tumpeleke Ivan Machame Akapate Tetekuwanga?

BARAKA: Haya, tuko hewani. Mnatujua, hatujitambulishi. Leo nimepanda gari kutoka Chuga, Arusha, mpaka Moshi kwa sababu Mama Ivan wiki hii hataki kutoka nyumbani, nimemuuliza kuna nini kanijibu wasapu mstari mmoja tu, "mimi na mama mkwe hatuelewani", nikasema hii siyo ya kuongelea kwenye simu, nakuja. Na nimekuja na karatasi, nina mambo matatu ya kumalizia kipindi, usinisahaulishe.

ANETH: Karibu kaka. Siyo kwamba hatuelewani, nampenda yule mama, mnajua wenyewe. Ni hivi. Jumatano usiku niko jikoni, anapiga simu ya vidio kutoka Machame. Hata salamu hakuna, kamgeuza mtoto wa shemeji yangu, Junior, miaka sita, kampandisha shati chini ya taa nione mgongo. Aisee. Yani unaona kabisa, hiki kimetoka leo kimejaa maji kinang'aa kama tone la umande, hiki cha jana kimebonyea katikati, kile cha juzi kimeshashika gamba, vyote hivo kwenye mgongo mmoja. Kichwani ndo usiseme, mtoto anajikuna kwa kitana.

BARAKA: Tetekuwanga hiyo.

ANETH: Mama mkwe anasema ndui.

BARAKA: Ndui haipo mama, ilishaondoka duniani, mgonjwa wa mwisho kuipata mtaani alikuwa Somalia, 1977, na 1980 wakatangaza imekwisha. Afu ndui vipele vyake vinaendaga pamoja, vikijaa maji vinajaa vyote. Hivo vya rika tofauti ulivyosema ndo tetekuwanga yenyewe.

ANETH: Nilimwambia. Kanionyesha kovu la chanjo ya ndui kwenye mkono wake, anasema anajua anachokisema, nikanyamaza. Sasa sikia alichoniambia baada ya hapo. "Mlete Ivan Jumamosi, alale na mwenzake, wale sahani moja, yaishe kabla ya mbuzi."

BARAKA: Kabla ya nini?

ANETH: Ya mbuzi. Mbuzi wa Krismasi. Tarehe 24 Desemba anachinjwa, ukoo mzima upo, Dar watakuja, Mwanza watakuja, watoto kama 20 pale. Yeye hahesabu kwa tarehe sasa ivi, kila kitu ni kabla ya mbuzi au baada ya mbuzi.

BARAKA: (anacheka) Kwaio Jumamosi ndo leo.

ANETH: Ndo leo. Begi la Ivan liko mlangoni. Baba yake kasema niamue mimi.

BARAKA: Usimpeleke.

ANETH: Hujasikiliza.

BARAKA: Nasikiliza, ila nasema mapema. Wasikilizaji wa zamani wanakumbuka niliugua hii kitu nina miaka 27, nimepanga chumba kimoja Sakina, pale Arusha. Homa siku mbili, afu ikatoka mpaka mdomoni, mpaka kwenye koo, kumeza mate ilikuwa kazi. Shuka ikinigusa mgongo naruka. Mama mwenye nyumba alikuwa ananiletea uji anauweka kwenye kigoda nje ya mlango, anagonga, anakimbia, kwa sababu alikuwa na kitoto kichanga. Nilikaa wiki mbili sijaona uso wa mtu. Siwezi kumtakia mtoto wa mwenzangu.

ANETH: Baraka, lakini hapo unanisaidia mimi! We uliteseka hivo kwa sababu uliipata mkubwa. Mimi niliipata nina miaka sita, Kibosho, watatu kwa pamoja na dada zangu, mama anatuogesha maji ya mwarobaini, tunacheza mgombani, wiki moja imeisha. Mdogo wetu wa kiume alikuwa kwa bibi, ikampita. Unajua ilimkuta wapi? Kidato cha nne, bwenini, mtihani umebaki wiki tatu, kawekwa chumba cha peke yake, mama yuko mbali. Ivan ana miaka tisa, juzi tu kamaliza mtihani wa darasa la nne. Hii ndo nafasi. Nikiwa naye mimi, nyumbani, najua namlisha nini, nampaka kalamaini ile dawa ya muwasho, namkata kucha. Kuliko imfuate bweni.

BARAKA: Kwamba kwa mkubwa ni mbaya zaidi sikatai, homa ya mapafu inaingia kirahisi kwa mtu mzima. Ila kuna kumkuta na kuna kumpelekea. Hivyo ni vitu viwili.

ANETH: Kwa mtoto ni kirusi kilekile.

BARAKA: Kwako wewe mama siyo kilekile. Marekani kabla hawajaanza kuchanja 1995 walikuwa wanaugua watu kama milioni nne kwa mwaka, wanalazwa zaidi ya elfu kumi, wanakufa mia mpaka mia na hamsini.

ANETH: Mia kwa milioni nne, kaka.

BARAKA: Ndiyo, wachache. Ila kila mmoja ana mama. Akiugua mwenyewe ukamuuguza, Mungu ajalie. Ukimpeleka we mwenyewe na begi mkononi, afu vidonda viingie uchafu, au ishuke kwenye mapafu, utalala vipi?

ANETH: (kimya) Hiyo ndo imenifanya begi likae mlangoni toka asubuhi.

BARAKA: Na chanjo ipo. Yule daktari Mjapani, Takahashi, mwanae mwenyewe aliugua tetekuwanga vibaya 1964, wakiwa Marekani, usiku kucha anamwangalia mtoto anavyohangaika kupumua. Karudi Japani, mwaka 1974 akatoka na chanjo. Hata ukishakaa na mgonjwa, ukichanjwa ndani ya siku tatu mpaka tano inaweza kuzuia au ikaja nyepesi.

ANETH: Na mimi ningeitaka hiyo chanjo kesho asubuhi! Unafikiri sijauliza? Kwenye chanjo za kawaida za kliniki haimo, Ivan kachanjwa surua, polio, zote, kadi yake imejaa, ya tetekuwanga haipo kwenye kadi. Ijumaa nimepiga simu kwa watu wa binafsi sehemu mbili, mmoja kasema haina, mwingine kasema niache namba ikifika watanipigia. Itafika lini? Kabla ya mbuzi?

BARAKA: Na wewe umeshaanza mbuzi.

ANETH: Nimeambukizwa. Tangu Jumatano kwa simu ni mbuzi tu. Ila kaka, yule mama hajakosea sana, hebu leta ile kalenda ya ukutani nikuonyeshe hesabu yake.

BARAKA: Hii yenye picha ya mlima? Ngoja niitoe kwenye msumari. Haya. Leo tarehe 15 Novemba.

ANETH: Ivan akilala Machame leo. Haitoki kesho, inakaa mwilini siku 10 mpaka 21. Hesabu.

BARAKA: Kumi... Novemba 25. Ishirini na moja... Desemba 6.

ANETH: Weka wiki moja ya kukauka magamba. Hata ichelewe vipi, Desemba 13 mtoto mzima. Mbuzi 24. Unaona? Bibi kahesabu kwa vidole, hana kalenda.

BARAKA: Kapiga sawa aisee, nampa. Lakini ngoja. Inaambukiza siku moja mbili kabla ya kipele cha kwanza kutokea. Hapo Ivan yuko darasani bado, shule hazijafunga, anagawia wenzake bila mtu kujua. Na wale mama zao hawajahesabu mbuzi.

ANETH: Nitamzuia nyumbani kuanzia tarehe 23.

BARAKA: Na Glory, mdogo wake?

ANETH: Glory simpeleki. Ana miaka mitatu, Septemba tu katoka kulazwa na nimonia, huyo haguswi.

BARAKA: Sasa Glory analala kitanda kimoja na nani?

ANETH: ...Na Ivan.

BARAKA: Haya. Nipe kalamu. Tuseme Ivan anatokwa katikati, Novemba 29. Ongeza 10, ongeza 21. Glory ni Desemba 9 mpaka 20. Ivan akichelewa, akatokwa Desemba 6, Glory ni Desemba 16 mpaka 27. Nimezungushia duara. Unaona mbuzi yuko wapi?

ANETH: Ndani ya duara.

BARAKA: Mbuzi yuko katikati ya duara mama! Na wifi yako anakuja lini?

ANETH: (kimya) Tarehe 20.

BARAKA: Waambie watu wifi yako yukoje.

ANETH: Ni mjamzito. Anajifungua Januari.

BARAKA: Januari. Akikaa na Glory Krismasi, ongeza 10, ongeza 21, inamkuta yeye Desemba mwishoni au Januari. Na tetekuwanga ikimtoka mama siku tano kabla ya kujifungua mpaka siku mbili baada, kichanga kinazaliwa hakina kinga yoyote ya kutoka kwa mama yake, hiyo ndo ile inayoua vichanga. Hapo sikutishi, hii ndo sababu mama mwenye nyumba wangu alikuwa anakimbia akishaweka uji.

ANETH: Nimekusikia. Na wifi nimempigia jana, hakumbuki kama aliwahi kuugua. Mama yake anasema aliugua, ila huyohuyo mama anaita kila kipele ndui, kwaio siwezi kumtegemea. Nimemwambia wifi akienda kliniki Jumanne aulize kipimo cha damu, wanaweza kuangalia kama ana kinga.

BARAKA: Hapo tuko pamoja.

ANETH: Hapo tu. Kwa sababu umehesabu upande mmoja. Hesabu na huu. Junior ameshaugua. Ameshalala na watoto wa jirani, ameshaenda sandeskuli Jumapili iliyopita. Wale watampa wengine, na wengine wataangukia wapi? Kwenye duara lako hilohilo. Nisipompeleka Ivan leo, nampeleka tarehe 22 Desemba kwenye nyumba yenye tetekuwanga ya moto, anaibeba, anakuja kuugua Januari shule zinafunguliwa, na Glory baada yake. Sijazuia kitu, nimesogeza tu.

BARAKA: Basi msiende Krismasi.

ANETH: Baraka.

BARAKA: Nasema mwaka mmoja.

ANETH: Baraka, wewe ni Mchaga au ulihamia? Baba mkwe ana miaka 84. Nimwambie mwaka huu wajukuu hawaji kwa sababu ya vipele? Mbuzi atachinjwa na nani amshike?

BARAKA: Sasa mbuzi ndo anaamua?

ANETH: Watu watakaokuwa pale ndo wanaamua! Mbuzi ni jina tu la ile siku, ni siku moja kwa mwaka ambayo yule mzee anawaona wote kwa macho yake. Usiichukulie kama nyama.

BARAKA: Sijaichukulia kama nyama, samahani kama imesikika hivo. Ninachosema, mimi siwezi kumpa mtoto ugonjwa kwa mkono wangu ili ratiba ikae sawa. Hata hesabu ikikubali. Subirini chanjo, muwekeni wifi mbali, wenye vipele wakae nyumba ya juu, mwende siku moja mrudi.

ANETH: Na mimi siwezi kukaa namkimbiza Ivan mwaka hadi mwaka, hatujui chanjo inakuja lini, mpaka imkute peke yake ana miaka 17. Kukimbia nako ni uamuzi kaka, una gharama yake, na gharama ailipe yeye akiwa mkubwa kama ulivolipa wewe kule Sakina.

BARAKA: Mimi nililipa ila hakuna aliyenipeleka.

ANETH: Na hakuna aliyekuuguza.

BARAKA: ...Hiyo imeniingia. Lakini bado.

ANETH: Najua bado. Na mimi bado.

BARAKA: Tumekwama basi. Junior mwenyewe anaendeleaje lakini?

ANETH: Leo homa imeshuka. Jana nilipiga kelele kwenye simu mpaka jirani akaja, shangazi yake alikuwa ameshavunja asprini nusu ampe. Asprini mtoto mwenye tetekuwanga hapewi jamani, inaweza kumharibu ini na ubongo, mpeni panado ya watoto kwa kipimo chake, basi. Wamemvalisha soksi mikononi asijikune usiku. Anasema yeye sasa ni bondia.

BARAKA: Bondia. Mungu amponye. Huyu kijana wa studio ananionyesha vidole vitano.

ANETH: Dakika tano?

BARAKA: Saa kumi kuna kwaya wanaingia studio kurekodi, wako kule nje na mavazi yao tayari. Na karatasi yangu sijaifungua. La kwanza nilikuwa nataka kusema dalili ambazo ukiziona usingoje, unakimbia hospitali, hilo nilisome haraka: anapumua kwa shida, homa inarudi baada ya kushuka, kipele kimekuwa chekundu cha moto kinatoa usaha, mtoto amelegea haamki vizuri au anatapika sana. La pili...

ANETH: Acha la pili, simu inaita. Ni yeye.

BARAKA: Mama mkwe?

ANETH: Anauliza tumeshapanda gari.

BARAKA: Unamwambiaje?

ANETH: Ngoja. Shikamoo mama. ...Hapana mama, bado niko mjini. ...Bado sijaamua mama, nakuomba leo alale kwanza nyumbani, kesho baada ya ibada nakupigia. ...Ndiyo mama. ...Ndiyo, nimesikia. ...Haya mama.

BARAKA: Kasema nini?

ANETH: Kasema kesho akienda, ongeza siku moja, bado ni kabla ya mbuzi.

BARAKA: Kwaya wanaingia. Toa begi mlangoni basi.

ANETH: Begi linakaa hapohapo mpaka kesho. Nipe kalenda yangu.