Paris ya Picha na Paris ya Foleni: Jibu kwa Wanaouliza Kila Siku

Jamani, habari za nyumbani. Kila video swali ni lile lile: "Mbona watu wakitoka Paris wanarudi wamenuna, kwani mji ni mbaya?" Najua yatakayofuata. Nikitaja kero, nitaambiwa nalalamika wakati niko Ulaya. Nikisifu, naringa. Semeni mtakavyo, ila sikilizeni hesabu kwanza, maana sehemu kubwa ya pesa za safari hii hairudi.

Wanaovunjika moyo siyo watu wetu tu. Daktari Mjapani wa magonjwa ya akili, Hiroaki Ota, aliyefanya kazi hapa Paris, aliwaona Wajapani wengi waliofika na picha fulani kichwani wakakuta mji mwingine, mpaka hali hiyo ikapewa jina la mji wenyewe, "Paris syndrome". Kwa hiyo anayesikitika asionekane mshamba.

Mnara wa Eiffel mnaujua, siuelezi. Zile picha za mnara bila mtu hata mmoja hupigwa alfajiri, pale Trocadéro, uwanja ulio mkabala na mnara. Njoo saa tano asubuhi uone ulivyofurika. Kupanda kwenyewe ni foleni ya ukaguzi wa usalama, kisha foleni ya lifti, na ukifika ghorofa ya pili unapanga tena ili upate lifti ya kileleni. Ngazi zipo, 674 hadi ghorofa ya pili, na ni nafuu, lakini kutoka hapo hadi juu kabisa lazima lifti. Upepo ukizidi, kilele kinafungwa hata kama umeshafika.

Louvre, lile jumba kubwa la makumbusho, ndiyo inayowaumiza wengi. Mona Lisa ina sentimita 77 kwa 53 tu, iko nyuma ya kioo, na unaitazama ukiwa nyuma ya kizuizi huku simu za walio mbele zimeinuliwa juu. Wahudumu wanakusogeza, unapiga picha mbili, zamu yako imekwisha. Geuka nyuma! Ukutani mkabala kuna mchoro wa Veronese, mchoraji Mwitaliano wa zamani, wa arusi ya Kana, upana karibu mita 10, na mamia ya watu wameupa mgongo. Huo utautazama utakavyo. Kuhusu kiingilio, tangu Januari 2026 asiye raia wala mkazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya (nchi za Umoja wa Ulaya na majirani wachache) analipa euro 32, wakati raia na wakazi wa huko wanalipa 22. Mimi naona si haki, maana sisi ndio tuliolipia na viza pia. Wenye umri chini ya miaka 18 wanaingia bure.

Sasa makaratasi. Ada ya viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024, na kituo kinachopokea fomu kina ada yake juu. Ukikataliwa, hazirudi. Bima ya matibabu ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na tarehe zake zifunike safari nzima. Ufaransa inataka uthibitisho wa pesa: euro 65 kwa siku ukiwa na hoteli uliyoshika, 120 ukiwa huna hoteli wala mwenyeji.

Hapa niseme la moyoni. Ndugu wanaotaka kufikia kwetu wanaandika "nitumie mwaliko" wa kuombea viza, kana kwamba ni barua ya ukurasa mmoja, na ukisema huwezi unaitwa mwenye roho mbaya. Mwenyeji anakwenda mwenyewe ofisi ya manispaa na kitambulisho, mkataba wa nyumba na hati za mshahara. Anasaini kwamba mgeni akiishiwa, gharama ni zake. Ofisi inaweza kutuma mtu akague kama nyumba ina nafasi ya mgeni. Ada ya stempu inaliwa hata ombi likikataliwa. Anayeishi chumba kimoja anaweza kukataliwa hata angetamani vipi kukupokea. Tuhurumiane.

Kinachoharibu safari nyingi ni mpangilio wa tarehe. Tiketi za lifti za Eiffel hufunguliwa mtandaoni siku 60 kabla. Viza kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 15, lakini wanaruhusiwa kuivuta hadi 45. Ukiomba mwezi mmoja kabla, viza inaweza kutoka wakati tiketi zimeshaisha. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla, kwa hiyo mimi ningepeleka karibu miezi minne kabla, na hoteli iwe ya kughairi bila kukatwa. Hayo ni maoni yangu, kila mtu na mfuko wake.

Uwanja wa ndege nao una mtego. Tiketi ya kawaida ya metro haikutoi Charles de Gaulle. Ya uwanja ni ya peke yake na bei yake inazidi mara tano. Wakaguzi wakikukuta na ya kawaida ni faini, kutojua hakukusaidii. Tunza tiketi mpaka utoke nje kabisa.

Kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Cœur kuna vijana wenye nyuzi za rangi. Anakusalimia, anashika kidole, anaanza kusuka, na uzi ukishafungwa mkononi anadai pesa huku wenzake wamekuzunguka. Mikono mifukoni, pita bila kusimama. Wenye karatasi za kukusanya saini ni hivyo hivyo: unasaini huku mkoba unafunguliwa.

Na siku zenyewe mziangalie. Louvre haifunguliwi Jumanne. Makumbusho ya Orsay na kasri la Versailles hazifunguliwi Jumatatu. Safari fupi ya Jumapili hadi Jumanne inakubakizia siku moja tu yenye milango yote mitatu wazi, nayo ni ile uliyofika na uchovu wa ndege.