Buti za Baba Mdogo zimefia kabatini

Haya, shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Leo hakuna theluji nyuma yangu. Nipo Dar likizo, Karume, nimekalia ndoo ya rangi kwa fundi viatu, na hizo kelele ni jamaa wa mtumba wanafungua belo. Tuvumiliane.

Nimekuja na kesi. Ngoja nisogeze kamera. Hii buti nilimletea Baba Mdogo miaka mitano iliyopita. Ngozi ya kahawia, pua nene, soli kama tofali. Ngozi yenyewe haina hata mkwaruzo. Sasa tazama chini. Naminya kwa kidole gumba tu... umeona? Inamomonyoka kama kashata.

Na mzee hakuwahi kuzivaa! Alizijaribu chumbani, akasema hizi ni za kutokea, akazirudisha kwenye boksi, boksi kwenye mfuko wa nailoni, mfuko juu ya kabati huko Tabata. Mwezi uliopita kukawa na harusi Mbagala, ndipo akazitoa. Anashuka daladala Rangi Tatu, kisigino kimoja kikabaki kwenye ngazi ya gari. Hadi anafika ukumbini cha pili nacho kilishamwagika njia nzima. Asubuhi yake akanipigia, kwangu ni usiku wa manane: "Mwanangu, kumbe na Marekani kuna feki?"

Si feki, Baba. Hapo ndipo nilipoona hili jambo linataka video.

Hiyo soli ni poliyurithani, plastiki yenye povu. Watengenezaji wanaipenda kwa sababu ni nyepesi na laini. Ukiingiza mguu dukani unahisi umekanyaga godoro, na mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Adui yake ni unyevu. Maji yaliyomo kwenye hewa yanaikata minyororo ya hiyo plastiki taratibu, na joto linaharakisha kazi. Sasa unyevu na joto la Dar nani hayajui? Mtu anatoka kuoga, kabla hajamaliza kujifuta ameshalowa jasho. Ukizifunga kwenye nailoni juu ya kabati, umezifungia na adui yake humo humo. Zingevaliwa zingeisha kwa kuvaliwa. Hizi zimeisha bure.

Linganisha na hizi nilizovaa mimi. Nafanya kazi ghalani, mwaka wa sita huu, soli nimebadilisha mara mbili. Hapa pembeni, kati ya ngozi ya juu na soli, kuna ukanda wa ngozi unazunguka. Ukanda umeshonwa na ngozi ya juu na soli ya ndani, halafu soli ya chini ikashonwa kwenye ukanda. Ni mishono miwili tofauti. Soli ikiisha, fundi anakata mshono wa chini tu, anaweka mpya, ngozi ya juu haiguswi. Mashine za kushona hivi zina jina la Goodyear tangu karne ya 19. Ni Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule Goodyear aliyevumbua njia ya kuimarisha mpira.

Ila macho kodo. Kuna viatu vina uzi pembeni wa urembo tu, soli imegandishwa kwa gundi. Fundi wangu hapa ana kipimo chake: anainua ile soli laini ya ndani, anachungulia, anapinda kiatu aone uzi unavuta nini. Mimi wa ughaibuni sikuwa najua hilo, nimefundishwa leo nikiwa nimekalia ndoo.

Twende kwenye swali lenu la kila siku: "Kaka, hiyo ni OG, yaani orijino, ya Marekani?" Chukua Red Wing, kampuni ya buti yenye jina la mji wake, Minnesota. Mji wenyewe uko kama saa moja kwa gari kutoka kwangu. Nilishakwenda. Kampuni ilianza 1905, na kiwanda chao cha kuchakata ngozi, S.B. Foot, kipo mjini hapo hapo tangu 1872. Dukani wameweka buti moja namba 638 na nusu, kubwa kuliko bajaji, watu wanapigia picha. Buti zao za Heritage zinashonwa Marekani, lakini kampuni hiyo hiyo ina viatu vingine vinavyotengenezwa nje. Dr. Martens nao, buti ya kwanza ilitoka kijiji cha Wollaston, Uingereza, tarehe 1 Aprili 1960. Mwaka 2003 kazi ikahamia Asia, baadaye sehemu ndogo ikarudi Wollaston. Kwa hiyo jina la kampuni halikwambii kiatu kimetoka wapi. Fungua ulimi, soma lebo. Na ukishaisoma, geuza kiatu uangalie mshono, maana nimeona buti za Asia zilizoshonwa vizuri kuliko hata hizi zangu.

Halafu kuna hili, likanichekesha. Ngozi haiwi buti mpaka idabaghiwe, yaani itiwe dawa isioze, na dawa mojawapo ya zamani ni tanini ya magome ya miti. Njombe kuna Tanganyika Wattle Company, tangu 1949, wanakamua tanini kwenye magome ya miwati na kuiuza nje. Yaani unaweza kuagiza buti Ulaya ikakurudia na Njombe ndani yake! Ng'ombe tunao zaidi ya milioni 30. Kiwanda cha viatu Morogoro, cha mkopo wa Benki ya Dunia, kililenga jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziende Ulaya. Hakikuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, 1990 kikafa. Naambiwa niende Karanga, Moshi, kile cha Magereza na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, cha mwaka 2020, wanashona buti. Nitakwenda, nitawaletea.

Kuhusu raha ya mguu sitawadanganya. Buti ya kushonwa wiki mbili za kwanza ni adhabu. Malengelenge, plasta, unatembea kama umetoka jando. Baadaye lile gome la mwaloni wa Ulaya, sijui mnaliitaje, lile la vizibo vya chupa, linabonyea chini ya soli ya ndani na kushika umbo la mguu wako, na hapo hutaki kuvua. Lakini leo nimezivaa kutoka hapa hadi Msimbazi saa saba mchana, miguu imeiva kama viazi. Kwa Dar vaa leo, kesho ziache zipumue kivulini. Usizianike juani, ngozi itapasuka.

Haya, fundi ameshamaliza. Amekwangua povu lote, amechonga soli ya tairi, ameipiga gundi, na amezungusha uzi kwa mkono kwa ile sindano yenye mpini wa mbao. Elfu ishirini. Nizipeleke Tabata.

...

Tumefika. Baba Mdogo huyu hapa, msalimieni. Anazigeuza. Anapiga soli kwa vidole.

"Mwanangu, si umezipeleka katambuga zangu Marekani ukazirudisha zimevaa koti?"