ELISA ya kingamwili za klamidia: oshea visima kama unaosha vyombo vya mama mkwe

Mnaniona? Ngoja nisogeze simu... haya. Karibuni maabara wadogo zangu, leo tuko Moshi na Mlima umejifunika tangu alfajiri.

Leo ni ELISA, kipimo kinachoonyesha kingamwili kwa rangi. Tunatafuta IgG, aina moja ya kingamwili, za bakteria klamidia kwenye seramu, yale majimaji yanayobaki damu ikiganda. Damu imeshachotwa, imeganda, imezungushwa kwenye sentrifuji, hayo mnayajua. Ila vitendanishi vya kiti hiki (si cha kukalia, ni boksi la vifaa vya kipimo!) nimevitoa kwenye friji mapema sana. Mwezi wa saba huku "joto la chumba" halipatikani kirahisi.

Zimua seramu: mikrolita 10 ndani ya 1,000 za kizimulio. Sahani ya visima vidogo, yenye antijeni (vipande vya mdudu ambavyo kingamwili hushika), hii hapa. Kisima cha kwanza tupu (hakina seramu), kontroli hasi (seramu isiyo na kingamwili), kontroli chanya (iliyo nazo), kisha sampuli, mikrolita 100 kila kimoja. Funika, nyuzi 37, dakika 60. Viti vinatofautiana, fuata karatasi ya kiti chako.

Sasa kuosha. Acheni kupiga soga. Mikrolita 300, jaza, mwaga, pigapiga sahani kwenye tishu. Mara tatu. Pigapiga kwa nguvu, hiyo sahani haivunjiki! Mwaka wangu wa kwanza kazini niliosha harakaharaka niwahi daladala. Sahani nzima ikawa bluu, mpaka kontroli hasi. Sampuli zote nikarudia, na daladala nikaikosa. Lakini pia usiviache visima vikauke ukajibu simu. Osha, pigapiga, endelea.

Weka konjugeti, yaani kingamwili yenye kimeng'enya inayoshika IgG, nusu saa, halafu... ndiyo, osha tena. Vilevile! Hapa ndipo nilipoharibu mimi.

TMB, kimiminika kinachogeuka bluu kikikutana na kimeng'enya hicho, mikrolita 100, gizani dakika 15. Mimi naifungia kwenye droo.

Tukisubiri: chanya maana yake mwili umewahi kukutana na huyo mdudu. IgG hukaa miaka, kwa hiyo usimwambie mtu anaumwa leo. Ugonjwa wa sasa unatafutwa kwa kipimo cha vinasaba, mkojo au swabu. Kingamwili zina utamu wake kwenye vikope, yaani trakoma, ugonjwa wa macho unaoletwa na klamidia huyohuyo. Hapo Rombo, kijiji cha Kahe Mpya, watu walimeza azithromaisini mwaka 2000 na 2002. Zaidi ya miaka kumi baadaye watoto waliozaliwa baada ya dawa wakapimwa, wengi mno hawakuwa na kingamwili. Jibu hilo huwezi kulipata kwa kuangalia kope tu. Mimi hiyo habari hainichoshi.

Droo! Bluu safi. Tia asidi, inageuka njano. Eh, simama, kisima cha tano kina povu. Mnaliona? Mashine italisoma kama rangi. Litoboe kwa ncha mpya ya pipeti, mpya nimesema, usichanganye visima.

Soma kwenye nanomita 450. Kontroli chanya imepanda, hasi imelala chini, tupu karibu sifuri. Tatu chanya, na ya saba iko mpakani kabisa. Hiyo kesho nairudia, visima viwili.